Kitenzi Kutoka Makambako

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu pamba ilinunuliwa kabla ya sukari. Hakukuwa na mwenye kidonda wala mtoto mchanga. Pamba ilikuwa ya kuweka ndani ya kopo la dawa za mdogo wangu, ili vidonge visilie akitembea. Kopo la plastiki lenye vidonge vya miezi mitatu lina sauti yake, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ile anaijua hata akiwa amefumba macho. Ukipita sokoni na kopo lisilo na pamba ndani ya mkoba, umeshajitangaza.

Niliisokota pamba kama msuko wa nywele, mizunguko mitatu, kisha nikaibana kwa kidole gumba mpaka iguse vidonge. Sikufundishwa na mtu. Mama alifanya hivyo kwa makopo yake nami nikawa naona. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha kwanza, muhula wa pili. Baba alikuwa ametangulia. Mdogo wetu wa kati, ambaye sasa analima viazi Matamba, alikuwa na miaka kumi na moja. Wa mwisho, huyu ninayemwandika, alikuwa na minne, na alizaliwa nao ugonjwa. Nilikunja sare yangu nikaiweka chini kabisa ya sanduku, nikawa mkubwa wa nyumba.

Kitu kingine nilichorithi kwa mama ni Makambako. Sisi tunakaa nje kidogo ya Njombe, upande wa kwenda Uwemba, na hospitali ya mjini tunaifikia kwa miguu. Lakini Njombe huwezi kukaa kwenye benchi dakika kumi bila kupita mtu aliyesali na mama yako. Kwa hiyo wengi wa Njombe tunachukua dawa Makambako. Ni mji wa njia panda, malori na reli na upepo wa vumbi, kila mtu yuko safarini, hakuna wa kukuuliza umefuata nini. Mama alichukua huko, nami nikampeleka mdogo wangu huko. Wenye kutuuliza tuliwaambia tunafuata mitumba. Nilijiona nina akili. Nilimpeleka Makambako asionekane, na huko huko ndiko nilikokaribia kumpoteza.

Alipofikia umri wa kuuliza, nilimwambia dawa ni za kifua. Aliumwa kifua kweli alipokuwa mdogo, kwa hiyo uongo ulikuwa na pa kushika. Akawa anameza kila asubuhi saa moja, redio ikianza habari, na kila akipigwa na baridi ya Juni bila kukohoa alinitazama kwa furaha. "Dada, kifua kimepona. Niache?" Nami nasema, "Bado kidogo." Nilisema bado kidogo kwa miaka tisa.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu nesi wa Makambako aliponiweka nje ya mlango akamweleza ukweli. Tulirudi nyumbani. Hakunisemesha tangu Jumatatu mpaka Jumapili. Jumapili, tukitoka misa, akasema bila kunigeukia:

"Kwa hiyo kifua changu hakijawahi kuwa na kitu."

"Hapana."

"Haya."

Akaendelea kumeza. Nikadhani jambo hilo limekwisha.

Alipomaliza kidato cha nne alitaka kujifunza kushona. Nilimtafutia fundi Makambako, mama mmoja wa makamo, mjane, mwenye vyerehani vitatu na mkono mzuri wa sare za kwaya. Alimpa na chumba nyuma ya kibanda. Nilimpenda mama yule siku ya kwanza. Alikuwa anaongea huku ana pini mdomoni, na alimwambia mdogo wangu, "Hapa kwangu tunakosea mara moja kwa kitambaa, mara ya pili kwa machozi." Wakacheka wote wawili. Niliondoka nikiwa na amani.

Kila baada ya miezi mitatu mdogo wangu alichukua dawa kliniki, kisha akaja nyumbani na kopo jipya nami nikalisokotea pamba. Angeweza kusokota mwenyewe. Lakini ilikuwa desturi yetu, nami sikutaka kuiacha.

Katika moja ya safari hizo ndipo nilipokisikia kile kitenzi. Tulikuwa jikoni tunamenya viazi karibu na jiko la mkaa, ukungu umekaa mpaka dirishani.

"Dada, unajua Kigiriki?"

"Kigiriki cha nini? Menya viazi."

"Sesoken."

"Ndiyo nani huyo?"

"Siyo mtu. Ni kitenzi."

"Vitenzi vyote nilivyoviacha shuleni, na wewe unaniletea kingine."

Alicheka, akafuta mikono, akaleta daftari. Huko anakosali siku hizi, alisema, kanisa analosali Fundi, mchungaji anafundisha kwa ubao. Alikuwa ameandika vizuri, kwa mstari uliopigwa rula. Sozo: naponya, naokoa. Sesoken: imekuponya. Chini yake: wakati timilifu, jambo limekwisha, halirudi nyuma.

"Ni lile neno aliloambiwa yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka mingi," alinieleza. "Hakuambiwa utapona. Hakuambiwa unapona. Aliambiwa imani yako imekuponya. Yaani wakati anasikia, tayari."

Nilifurahi. Hilo ndilo ninalojutia kuliko yote. Nilifurahi kwamba mdogo wangu anajua kitu ambacho mimi singekijua kamwe, tena cha Wagiriki wa kale, na kesho yake nilipokuwa nafua nilikuwa nalitamka, sesoken, sesoken, kama mtoto aliyepewa peremende. Nilikuwa nimeshamsokotea kopo lake. Alilitia kwenye mkoba, akapanda gari.

Miezi mitatu baadaye alileta kopo nikalisokotea; safari iliyofuata alikuja bila kopo, akasema atalifuata wiki ijayo, na ndipo nilipoiona sketi yake. Mshonaji akipungua mwili anajipunguzia nguo mwenyewe, na anafanya vizuri kiasi kwamba huwezi kujua. Lakini nilipoichukua kuifua niliigeuza, nikaona kiunoni mshono mmoja juu ya mwingine. Imepunguzwa mara mbili.

"Kazi nyingi," alisema nilipomuuliza. "Sare za shule."

"Unakula?"

"Nakula, Dada. Bwana asifiwe, nakula."

Nyumbani kwetu hatukuwa tunasalimiana hivyo. Nilisimama na ile sketi mkononi mpaka maji ya kufulia yakapoa.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Makambako bila kuaga. Fundi hakuwepo, mdogo wangu alikuwa amekwenda kupeleka nguo kwa mteja, na msichana mwingine wa pale alinifungulia chumba nisubiri. Niliinama kuweka mfuko wa viazi chini ya kitanda. Nyuma ya viatu kulikuwa na makopo mawili. Nililichukua la kwanza nikalifungua.

Msuko wangu ulikuwa pale. Mizunguko mitatu, na alama ya kidole changu gumba. Nilifungua la pili. Msuko wangu. Pamba haikuwa imetolewa hata mara moja. Miezi sita.

Nilikaa kitandani nikiwa na makopo mapajani. Nje upepo ulikuwa unapiga mabati. Alipoingia aliniona, akaona makopo, akafunga mlango polepole, kwa adabu.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Hizi ni nini?"

"Ni dawa."

"Kwa nini zimejaa?"

"Kwa sababu mimi nimepona."

"Nani kakupima?"

"Dada, kumeza dawa wakati umeshaambiwa imekuponya, huko ni kumwambia Mungu kwamba kitenzi chake hukiamini." Alilisema haraka, kama mtu aliyelikariri. Kisha akawa yeye mwenyewe, akakaa sakafuni karibu na magoti yangu. "Fundi alikuwa nao. Unajua? Fundi wangu huyu. Kila Jumapili anasimama anashuhudia. Aliacha dawa, na mtazame. Ana nguvu kunishinda."

"Fundi siyo wewe."

"Na wewe siyo wa kunifundisha ukweli." Hakupandisha sauti. "Uliniambia kifua. Miaka tisa, kila asubuhi, redio ikilia, unanitazama machoni, unasema kifua. Yeye kaniambia kitu kimoja tu, na kimeandikwa."

Nilimwacha na viazi na makopo yake, nikarudi Njombe. Kichwani nilikuwa na hesabu moja. Mama, alipoacha kumeza kwa ajili ya aibu, alikaa muda gani kabla hajaanza kujifunga kanga mara mbili kiunoni? Nilikumbuka vizuri sana. Ilikuwa miezi sita, saba.

Mtu aliyeacha shule huwa na heshima ya kupita kiasi kwa kitu kilichoandikwa ubaoni. Nilidhani nikipata mjuzi zaidi ya yule mchungaji, atakivunja kile kitenzi na mdogo wangu atarudi. Uwemba, kwenye misheni, kuna padri mzee aliyefundisha Kigiriki seminari kabla macho hayajafifia. Tangu enzi za mama tulikuwa tunampelekea maziwa. Nilimkuta ameketi juani, ameizungushia miguu blanketi.

"Kamwene, mwanangu. Leo siyo siku ya maziwa."

"Kamwene, Baba. Leo nimeleta kitenzi."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilipomweleza habari yote aliacha kucheka. Akaomba nimletee karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto, akizifuata kwa pua.

Alinieleza kwamba mzizi wake ni uzima: kuwa mzima, kutokuwa na kipande kilichopungua. Ndiyo maana kitenzi hicho kimoja kinatumika kwa mgonjwa, kwa mtu anayezama, na kwa mwenye dhambi. Alionyesha jinsi wanavyoirudia herufi ya kwanza ya kitenzi, so inakuwa seso, na kurudia huko ndiyo alama kwamba tendo limefanyika na matokeo yake yapo hapa, mbele yako.

"Na sisi tunayo," alisema. "Waingereza inawapa shida, sisi hapana. Ukisema mtoto amelala, maana yake nini?"

"Alilala, na sasa hivi yuko usingizini."

"Basi umeshajua Kigiriki. Imekuponya. Tendo limepita, uzima uko."

"Kwa hiyo, Baba, mchungaji hajakosea?"

Kuku walikuwa wanachakura miguuni pake.

"Sarufi hajakosea," alisema mwishoni. "Ningependa kukwambia amekosea. Amekosea kitu kingine. Kitenzi hicho aliambiwa mwanamke mmoja, siku moja, na aliyemwambia alikuwa anamtazama. Mchungaji wako anamwambia mtu ambaye hajamtazama. Tena mtoto amelala haisemi kwamba hataamka. Kitenzi kinasema mpaka pale kinapotamkwa. Ya kesho hakiyajui." Akaandika neno jingine, refu. "Hili hapa ni hilohilo, lakini linasema wale wanaookolewa. Wako njiani, bado wanatembea. Mpelekee na hili."

Niliikunja karatasi nikaiweka kifuani. Nikiwa njiani nilijua tayari kwamba haitafaa. Nilikuwa nabeba karatasi kwenda kupigana na mwanamke aliyesimama kila Jumapili akiwa na afya yake.

Na haikufaa. Mdogo wangu aliisoma mpaka mwisho, akamheshimu mzee kwa kuisoma mara mbili. "Umekwenda kumuuliza padri!" alisema, akatabasamu, na nikaona mifupa ya mashavu yake. Alikuwa anashona vifungo. Kila baada ya vifungo viwili alipumzika. "Dada, hata angekuja Mgiriki mwenyewe. Mimi siamini kitenzi, mimi namwamini Fundi. Nimekaa naye. Hameziii!" Alilivuta neno kama mtoto anayedhihaki. Nyuma yake Fundi alikuwa ameinamia cherehani, na mguu wake ulisimama kwenye pedali. Hakugeuka. Nilidhani ni adabu.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo familia yetu haikuwahi kulifanya. Niliingia kliniki ya hospitali ya Njombe, mchana, mlango wa mbele. Makambako sikutaka kwenda, walishamwandika mtoro. Nilitaka kumuuliza nesi mtu akiacha miezi minane nini kinafuata. Kwenye benchi niliwakuta wawili tuliosali nao jumuiya moja. Walinitazama, nikawatazama, wakasogea nikakaa. Hakuna aliyesalimia kwa sauti. Benchi lina sheria yake, na haijabandikwa ukutani: uliyemwona hapa hukumwona.

Mlango wa chumba cha dawa ulifunguliwa, akatoka mwanamke aliyejifunika kitenge mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anatia kopo ndani ya mkoba huku akisukumia pamba kwa kidole. Niliujua mkono kabla ya uso. Ulikuwa na alama za pini.

Watu wa Njombe tunakwenda Makambako. Haikuwahi kunipitia kichwani kwamba watu wa Makambako wanakuja Njombe.

Aliniona. Alitoka nje, nami nikamfuata mpaka nyuma ya jengo, wanakoanika mashuka. Alishika kamba ya kuanikia.

"Dada yangu, usinitaje."

"Anakufa kwa ajili yako."

"Usinitaje, nakuomba."

"Tangu lini?"

Akaniambia. Aliacha kweli, mwaka ule alipoanza kushuhudia. Miezi saba. Kisha miguu ikakosa nguvu ya kusukuma pedali, na shemeji yake akamleta Njombe amebebwa. Akaanza kumeza tena, akanyanyuka. "Niliporudi kanisani walisema, mtazameni Mungu alivyomwinua. Wakanisimamisha mbele. Ningesema nini?"

"Ungesema dawa."

"Na wewe ulisema nini?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Aliniambia. Ulisema kifua."

Mashuka yalikuwa yanapiga upepo katikati yetu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkalisha chini na kumfunga kitenge vizuri, kwa sababu kilikuwa kimemteleza kichwani. Nyumba anayokaa ni ya kanisa, sare anazoshona ni za kwaya, na wateja wake ni walewale wanaomsikiliza Jumapili. Nikimtaja, mdogo wangu ataamini au hataamini. Labda atasema dada aliyesema kifua sasa anasema Fundi. Lakini yule mama hatakuwa na pa kuweka cherehani. Na nitakuwa nimeivunja sheria pekee iliyomlinda mama yangu mpaka alipofumba macho.

"Tarehe yako ijayo?" nilimuuliza.

Alinitajia, kisha akaogopa kwamba amenitajia.

"Siku hiyo nitakuja hapa na mdogo wangu. Sitamwambia kitu. Nitakaa naye kwenye benchi. Ukitaka kuibadilisha tarehe, ibadilishe, ni haki yako. Mimi nitakuja naye hata hivyo."

Alikuwa ametoka kuchukua dawa za miezi mitatu. Maana yake nilikuwa nimejifunga kungoja miezi mitatu, na njiani nikapiga hesabu. Mdogo wangu hakuwa na miezi mitatu. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nje ya hospitali, mtu mzima, nikajiona mjinga kuliko nilivyowahi kujiona. Nilikuwa nimelinda heshima ya benchi na kumsahau mtoto.

Siku ya tisa Fundi alinipigia simu. Hakusalimia.

"Leo ameanguka kwenye cherehani. Njoo umchukue." Kisha: "Alhamisi nitakuja Njombe. Mpeleke pale."

Alhamisi ilikuwa ya ukungu mzito, ule ambao magari yanawasha taa saa tatu asubuhi. Mdogo wangu alikuwa amelala nyumbani siku tatu na hakuwa na nguvu ya kubishana. Nilimwambia, "Nisindikize tu. Utakaa. Hutameza kitu."

"Njombe, Dada? Watatuona."

"Watuone."

Tulikaa. Nilimfunika shuka langu. Watu waliingia na kutoka. Saa nne, hakuna mtu. Saa tano, hakuna. Nesi aliita namba za wengine. Mdogo wangu aliegemea bega langu, na nilikuwa nauhisi mwili wake wote, wenye joto, mwepesi kama kitu kilichokaushwa. Kila mlango ulipofunguka niligeuka. Nilianza kuelewa kwamba Fundi hatakuja, na kwamba mimi katika maisha yangu nimengoja watu wengi ambao hawakuja.

Saa sita kasoro aliingia. Hakuwa amejifunika kitenge. Alikuja moja kwa moja, akakaa upande wa pili wa mdogo wangu, akiwa bado anahema. Mdogo wangu alifumbua macho.

"Fundi? Umenifuata huku?"

Fundi alifungua mkoba, akatoa kopo, akafungua kifuniko. Alivuta pamba polepole, ikatoka yote, ndefu, akaiweka kwenye kiganja cha mdogo wangu. Kisha akafunga kifuniko na kulitikisa kopo. Mara moja, mara mbili. Benchi zima lilisikia. Mtu mmoja aliinamisha kichwa.

"Tangu lini?" aliuliza mdogo wangu.

"Tangu hujaja kwangu kujifunza kutunga uzi."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nasimama."

Mdogo wangu aliitazama pamba. Sura yake haikubadilika, na hilo lilinitisha zaidi. Aliinuka kwa kushika ukuta, akatoka nje kwenye ukungu. Niliinuka, Fundi akanishika mkono.

"Mwache. Miaka yote umemfuata."

Nilikaa. Sijawahi kufanya jambo gumu zaidi ya kukaa kwenye benchi lile. Mlango ulikuwa wazi na nje hakukuonekana kitu, hata uzio. Nesi aliita namba yetu. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, akaanza kuiweka kadi chini ya nyingine.

"Nipo," alisema mdogo wangu kutoka mlangoni. Nywele zake zilikuwa na matone ya ukungu. Alitupita sote wawili bila kutugusa, akaingia ndani peke yake.

Walimchunguza, wakamtibu alichokuwa nacho mapafuni. Safari hii kilikuwa kifua kweli. Baadaye wakamrudishia dawa zake zilezile aanze tena. Nesi alitwambia wazi kwamba huenda dawa hizo hazimfai tena, kwamba virusi vikipewa nafasi hujifunza. Baada ya miezi mitatu wangepima damu kuona.

Miezi mitatu imepita. Damu ilitolewa wiki mbili zilizopita. "Majibu yakiwa mabaya tutapiga simu mara moja mje," alisema nesi. "Yakiwa mazuri tutawaambia siku ya tarehe yenu." Tarehe yetu bado wiki tatu.

Habari za Fundi sina. Kama bado anasimama Jumapili au amekaa, sijui, na mdogo wangu hataji. Karatasi ya padri ameibandika ukutani juu ya cherehani nilichomwazimia, upande wenye herufi kubwa. Sijamuuliza ni kwa ajili ya neno lipi kati ya yale mawili. Hatuzungumzi sana. Asubuhi saa moja, redio ikianza habari, anachukua kopo dirishani na kulitikisa kabla hajalifungua, kwa nguvu, kana kwamba ananiita. Pamba sinunui tena. Majirani wanasikia.

Simu tunaiweka hapo hapo dirishani, kwa sababu ndipo mtandao unaposhika. Jana mchana ililia. Cherehani kilisimama. Niliacha unga mikononi nikasogea, naye hakugeuza kichwa, mguu wake umebaki juu ya pedali.

Alikuwa mdogo wetu wa Matamba, anauliza kama tuna mbegu ya viazi.

"Nani?" aliuliza mdogo wangu, bado ananipa mgongo.

"Kaka yako. Anataka mbegu."

Kisha nikausikia mguu wake ukianza kusukuma tena.